Kulipa madeni na huku unaweka akiba: mwongozo kwa sie wa Unguja na Pemba ambao pesa zetu hazina tarehe

Ushauri mwingi wa pesa unaanza hivi: mshahara ukiingia tarehe 30, gawa mafungu matatu, moja la matumizi, moja la deni, moja la akiba. Sawa, kwa mtumishi wa serikali au wa benki unafanya kazi. Lakini huku kwetu nani mwengine mwenye tarehe 30? Mama wa mwani wa Jambiani pesa yake iko kwenye bamvua, siku zile maji yanapokupwa sana, mvuvi wa dagaa anasubiri giza la mwezi, mtu wa Mtambile au Konde anangoja karafuu, kijana wa hoteli Nungwi anavuna Julai na Agosti, Aprili anakaa barazani. Kwa hiyo ukilazimisha pesa ya msimu iende kwa kanuni ya mwezi utashindwa mwezi wa pili tu, halafu utasema mie sijui kuweka akiba, kumbe tatizo si weye ni kalenda uliyopewa.

Hapa ntaeleza namna ya kuvifanya vyote viwili pamoja, kulipa na kuweka. Najua wapo watakaosema lipa kwanza deni lote ndo uanze akiba. Mie sikubaliani nao na sababu ntaitoa mbele.

HATUA YA 1: Andika madeni yote, hata yale ambayo huyaiti deni

Chukua daftari, la karatasi ni bora kuliko simu kwa sababu simu inaibiwa inavunjika inaishiwa chaji. Aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni, lakini sie tunakopeshana laki tano kwa mdomo kwenye baraza na baada ya miaka miwili kila mtu ana kiasi chake kichwani.

Kila deni liandikie mambo manne: unadaiwa na nani, kiasi gani kimebaki, linaongezeka au haliongezeki, na usipolipa mwezi huu kitatokea nini. Hilo la nne watu wanaliruka na ndo lenye kazi zaidi.

Sasa yale yanayosahaulika. Mchezo, yaani upatu, kama zamu yako ishapita ushapokea, basi kila unachompelekea kijumbe anaekusanya kuanzia hapo ni deni, andika miezi iliyobaki mara kiasi. Mali kauli, yaani yule mama anaepita na mashuka, vyombo, madira, unachukua leo unalipa kidogo kidogo, na mara nyingi unakuwa na watatu kama yeye na hujui jumla. Duka la mtaani ulipoandikisha mchele na sukari. Advansi uliyochukua kwa bosi. Salio la kukopa kwenye simu na zile huduma za kukamilisha muamala unapopungukiwa, Songesha na wenzake, ndogo ndogo lakini zina ada. Bangili iliyopo kwa sonara kwa rehani. Sare ya harusi uliyoikubali kwenye grupu la WhatsApp na bado hujalipa. Na kama umemsainia mtu dhamana ya mkopo, liandike pembeni kwa kalamu nyengine, kwa sababu akikimbia yeye linakuja kwako.

Jumlisha. Jumla itakutisha, ndo kawaida. Usimuoneshe mtu siku hiyo hiyo, isipokuwa mume au mke, huyo lazima ajue maana bila yeye mpango wote huu hauendi popote.

HATUA YA 2: Yapange kwa tabia, usiyapange kwa ukubwa

Kuna deni linalokua. Mikopo ya riba ya mtaani, ile wanaita kausha damu, aplikesheni za simu, mkopo wa taasisi ndogo ambao ukichelewa unapigwa faini. Hili ndo la kwanza kuuliwa hata kama ni dogo kuliko mengine.

Kuna deni ambalo halikui lakini linamuumiza mtu. Duka la mtaani ni mfano mzuri. Mwenye duka hakutozi riba, ila mtaji wake ni mdogo na laki yako ndo pesa ya kwenda kuchukulia mzigo Darajani au Mwanakwerekwe. Mchezo pia uko hapa, ukichelewesha anaeumia ni mwanamke mwenzio aliengojea zamu yake miezi minane, na ukishapata jina la kuchelewesha mchezo hakuna kikundi kitakachokuchukua tena, tena jina hilo linasafiri kutoka Chake mpaka Mkoani kabla ya weye kushuka kwenye gari.

Halafu kuna deni linalosubiri. Ami alikupa laki sita ya harusi akasema utalipa ukijaaliwa. Hili halikui, na mara nyingi anaekudai hana haraka, basi linakwenda mwisho, lakini mwisho si kulisahau, ntarudi hapo kwenye hatua ya kuzungumza na wadai.

Mikopo ya benki inayokatwa kwenye mshahara iache iende yenyewe. Usiongeze tu. Ule mtindo wa mkopo ukifika nusu unakwenda kuongeza tena, watu wamefanya miaka kumi hawajawahi kuona mshahara wao kamili hata mwezi mmoja.

HATUA YA 3: Chora kalenda ya pesa zako

Hii ndo hatua ambayo miongozo mengine haina. Chora miezi kumi na mbili kwenye karatasi moja, juu andika pesa inapoingia, chini andika matumizi makubwa yanapoangukia.

Hoteli: msimu mkubwa ni kati ya Juni mwishoni na Oktoba, halafu Disemba mpaka Februari. Masika ikiingia, Aprili na Mei, hoteli nyingi za Paje, Kiwengwa na Nungwi zinapunguza watu au zinafunga kabisa, unapewa likizo ya nusu mshahara au bila mshahara.

Mwani: unafungwa kwenye kamba, unavunwa baada ya wiki sita hivi, na kwenda shamba ni pale maji yanapokauka vizuri, bamvua, ambalo linakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa hiyo mama wa mwani asijipangie kwa mwezi, ajipangie kwa bamvua. Bamvua hili la kuvuna na kuuza, lile la kufunga mbegu na kununua taitai, zile kamba ndogo za kufungia. Ukiuza tu, kabla hujafika nyumbani, fungu la deni na la akiba liwe lishatoka.

Dagaa: giza kuna pesa, mbaamwezi hakuna, basi wiki ya giza unalipa ya wiki mbili.

Karafuu: hapa nikae kidogo kwa sababu ndo pesa kubwa na ndo inayoliwa vibaya kuliko zote. Kwanza mikarafuu haizai sawa kila mwaka, mwaka huu inabeba mpaka matawi yanainama, mwaka unaofuata unachuma kidogo tu. Mtu akikopa kwa hesabu ya mwaka mzuri, mwaka mbaya unamkuta na deni la mwaka mzuri. Pili kuna ule ugonjwa wa kuuza karafuu zingali mtini. Mtu ana shida mwezi wa tano, mwenye pesa anakuja anamwambia nakupa laki nne sasa, ntachuma mwenyewe. Unajua bei ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inatangazwa, si siri, unazijua pishi za shamba lako. Hebu kaa upige hesabu: pishi ngapi zitatoka, zikikauka kilo ngapi, ukitoa ujira wa wachumaji kwa pishi, kamba, majamvi na usafiri mpaka kituoni, unabaki na ngapi? Ukiona utabaki na milioni moja na laki mbili, basi hiyo laki nne ni mkopo wa laki nne unaolipwa kwa milioni na laki mbili ndani ya miezi minne mitano. Hakuna benki inayotoza hivyo. Afadhali uuze mbuzi. Na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, pia yauzwe, usiyaache yaoze uwani, hiyo ni pesa ya daftari za skuli.

Chini ya kalenda sasa andika matumizi: Januari skuli, Ramadhani na sikukuu, harusi, matengenezo ya nyumba kabla ya mvua. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka kwa hiyo usiiweke mahali pamoja. 2026 iliangukia Februari mpaka Machi, 2027 inaanza Februari mapema, na baada ya hapo inaingia Januari pamoja na skuli, hapo ndo patakuwa na kazi.

HATUA YA 4: Akiba ndogo kwanza, kabla hujaanza kulipa kwa kasi

Sasa ile sababu niliyoahidi. Mtu anasema pesa yote nipeleke kwenye deni nimalize. Anapeleka miezi miwili, vizuri kabisa. Mwezi wa tatu mtoto anaumwa usiku, anapelekwa Mnazi Mmoja, teksi, vipimo, dawa ya kununua nje, elfu themanini. Hana hata shilingi. Anarudi kwa nani? Kwa yule yule wa riba. Yaani alilolipa miezi miwili linarudi kwa usiku mmoja, tena anarudi akiwa amevunjika moyo.

Kwa hiyo anza na akiba ya dharura ndogo, laki moja au laki na nusu inatosha kuanzia, haiwi kwenye laini unayonunulia bando, inakuwa kwenye laini nyengine au kwa mtu. Ukiitumia, unairudisha kwanza kabla ya kuendelea na kasi ya kulipa.

HATUA YA 5: Hesabu yenyewe, kwa mfano

Tuchukue kijana wa kubuni, mhudumu wa mgahawa wa hoteli Paje. Mshahara 400,000, tipsi msimu mkubwa zinamfikia 150,000. Kula, nyumbani kwa mama, nauli, umeme, bando, vyote 300,000. Madeni yake: mkopo wa mtaani 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, simu ya mali kauli imebaki 180,000 kwa 30,000 kila mwezi, mchezo ashapokea imebaki miezi sita ya 50,000, duka 85,000, ami 600,000. Jumla 1,465,000.

Anaanza Julai. Inaingia 550,000, matumizi 300,000, simu na mchezo 80,000, inabaki 170,000. Akiba ya dharura anaijenga kidogo kidogo, 20,000, kwa sababu riba yake ni kali na haingoji laki itimie, mkopo wa riba 150,000.

Mwezi wa kwanza katika hiyo 150,000, riba inakula 60,000, deni lenyewe linashuka kwa 90,000, linabaki 210,000. Mwezi wa pili riba ni 42,000, deni linabaki 102,000. Mwezi wa tatu riba 20,400, anamaliza kwa 122,400 na zinabaki 27,600 ambazo anazipeleka dukani siku hiyo hiyo. Jumla kalipa 422,400 na kamaliza. Angekuwa analipa riba tu kila mwezi 60,000, kama wengi wanavyofanya, baada ya miezi mitatu angekuwa katoa 180,000 na deni liko pale pale laki tatu, halijasogea hata shilingi.

Angalia jambo moja hapo. Wakopeshaji wengi wa mtaani hawapokei nusu nusu, wanataka riba yao kila mwezi na laki tatu nzima mkupuo. Uliza kabla. Kama hapokei, zile 90,000 anaziweka kwa mtu mpaka zitimie, anamaliza mwezi wa nne, na jumla anatoa 540,000. Yaani kukubaliwa tu kulipa kidogo kidogo kunamuokolea 117,600, kwa hiyo yale mazungumzo na mkopeshaji yana thamani kubwa kuliko ovataimu ya wiki nzima.

Oktoba anamaliza duka, 57,400 zilizobaki, na zile zilizosalia zote anaweka. Akiba ishafika kama 172,000. Novemba tipsi ndogo, anaweka 20,000 tu, si vibaya. Disemba anamalizia simu na mchezo. Januari na Februari hana tena makato, anapata 250,000 kila mwezi za kugawa, anampa ami laki nne kwa jumla na zilizobaki zinaingia akiba. Aprili na Mei hoteli ikimpa nusu mshahara, 200,000, pengo lake ni laki moja kila mwezi na anayo, na bado akiba inabaki.

Sasa kijana huyo huyo angeanza Februari ingekuwa hadithi nyengine. Masika ingemkuta kati, na hapo kasi ya kulipa inashushwa kwa makusudi, unalipa kile cha lazima tu, na pesa inayobaki unaiweka kwa ajili ya Aprili. Si uvivu, ni kujua kinachokuja.

Kwa wa karafuu au mwani hesabu ni ile ile ila badala ya mwezi andika mauzo. Kila ukiuza: theluthi moja deni, sehemu ndogo akiba ya lengo, na iliyobaki igawe kwa wiki za mpaka mauzo yajayo, ukiweza iweke kwenye bahasha za kila wiki maana pesa ya mkupuo inadanganya, siku tatu za mwanzo unajiona tajiri.

HATUA YA 6: Zungumza na wanaokudai kabla hawajakutafuta

Anaekudai akikuona unampita njia ya nyuma anakasirika zaidi kuliko akikosa pesa yake. Mpigie au mwandikie weye kwanza, kwa adabu, na utaje kiasi na wakati, usiseme "ntalipa karibuni". Kwa ami kitu kama hichi kinatosha:

"Assalaam aleikum ami, shikamoo. Ile laki sita sijaisahau. Sasa hivi namaliza deni la riba linaloniumiza, ntaanza kukupa laki mbili mwezi wa kwanza na laki mbili mwezi wa pili inshallah, iliyobaki baada ya masika. Nikikwama ntakwambia mapema."

Mara nyingi atajibu "hamna tabu mwanangu" na pengine atakusamehe baadhi. Dini yenyewe inasema mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, Baqara 280, lakini hiyo ni haki ya kuombwa kwa heshima, si kisingizio cha kununua simu mpya huku ami anakungojea. Na kwa alielemewa kabisa, wenye madeni ni miongoni mwa makundi manane ya kupewa zaka, At-Tawba aya ya 60. Hakuna aibu kumuendea shekhe wa msikiti wako ukamueleza, watu wanasaidiwa kimya kimya.

Kwa duka, lipa kidogo kila wiki na kila ukilipa simama akikata kwenye daftari lake na weye kwenye lako. Kwa benki au taasisi ya mkopo, nenda kabla ya tarehe ya rejesho kupita, uombe kupangiwa upya. Taarifa zako za mkopo zinakwenda kwenye kampuni za taarifa za wakopaji, ukishaandikwa mlipaji mbaya utakuja kukwama siku unayotaka mkopo wa maana.

HATUA YA 7: Akiba ikae wapi

Inategemea unaweka kwa ajili ya nini, na hapa watu wanachanganya.

Lengo la ndani ya mwaka, kama skuli au sikukuu: mchezo ni mzuri, ila omba zamu ya mwisho. Ndio, ya mwisho. Ukipokea mwanzo umekopa, ukipokea mwisho umeweka akiba, na kama unalipa madeni hutaki deni jengine. Angalia kijumbe ni nani, mtu mwenye nyumba yake na jina lake mtaani, si mtu aliehamia juzi. Vikundi vya hisa navyo vizuri sana, vile vya sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, mnanunua hisa kila wiki na mwisho wa mwaka mnagawana. Kama unaweza kuchagua, chagua kikundi kinachogawa karibu na wakati wa matumizi yako makubwa.

Lengo la mbali, nyumba au umra au Hija, lisiwe kwenye pesa taslimu ndani ya kabati. Matofali ni akiba nzuri kwa sababu hayawezi kukopwa na shemeji. Unafyatua au unanunua mia mbili kila msimu, yanakaa kiwanjani, lakini hakikisha kiwanja kina karatasi zake kwanza. Saruji usiweke, inaganda. Dhahabu nayo kina mama wanaijua vizuri: inashika thamani, ila ukiuza sonara anakata, na ukinunua kidani chenye nakshi nyingi unalipia ufundi ambao hutarudishiwa. Kwa akiba bangili nzito isio na mapambo inashinda.

Benki, kama hutaki riba, PBZ wana Ikhlas, CRDB wana Al Barakah, kuna Amana Bank. Fungua akaunti ya peke yake ya lengo, usichukue kadi yake. Na ukienda kuchukua murabaha, benki inakununulia kitu na kukuuzia kwa faida, ni halali kwa utaratibu wake lakini faida ni pesa inayotoka mfukoni mwako pia, kwa hiyo uliza swali moja tu: mpaka namaliza ntakuwa nimelipa jumla ngapi? Linganisha jumla kwa jumla, asilimia achana nazo.

Ya uzeeni, ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, wana mpango wa kujiunga kwa hiari kwa sie tusioajiriwa, mvuvi, fundi, mama lishe, wote wanaingia. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS nayo watu wengi wa Bara wanaisifu, ila sehemu ya pesa inakwenda kwenye hatifungani na amana za benki zenye riba, kama jambo hilo linakushughulisha muulize shekhe unaemuamini kabla hujaingia.

HATUA YA 8: Harusi, sare na Ramadhani

Mpango mwingi haufi kwa riba, unafia hapa. Sare tatu kwa mwaka, kila moja na kitambaa, mshono, hina, mchango, pesa ya kutunza, ukijumlisha ni rejesho la miezi mitatu. Sisemi usiende, ukiacha kwenda kwa wenzio nani atakuja kwako. Sema mapema kwenye grupu: "mie ntakuja ila sare hii siwezi, ntavaa yangu." Watanuna wiki moja. Na anaekopa ili afanye ukumbi wa watu mia tano, wahenga walishamaliza: kukopa harusi kulipa matanga.

Ramadhani iwekee fungu lake kuanzia mfungo sita au mfungo saba, elfu tano tano kwa wiki, ukifika Shaaban unanunua mchele, sukari, unga wa ngano, tambi kabla bei hazijapanda. Nguo za watoto za sikukuu zinunuliwe mwanzoni mwa mfungo, sio mkesha Darajani ambako kila kitu kimeruka na huwezi hata kugeuka.

HATUA YA 9: Deni jipya

Kukopa ili kulipa deni inafaa kwa hali moja tu: deni jipya liwe na jumla ndogo kuliko la zamani na la zamani lifungwe siku hiyo hiyo. Kwa mfano kikundi chako cha hisa kinakupa laki tatu uirudishe 330,000 kwa miezi mitatu, na unaifunga kausha damu asubuhi ile ile. Hapo sawa.

Aplikesheni za mikopo ziogope. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Nyingi zinaomba ruhusa ya kusoma namba zote za kwenye simu, ukichelewa siku mbili wanaanza kumtumia mkweo na mwalimu wako wa madrasa ujumbe wa kukuvunjia heshima. Ukiona tangazo la mkopo ndani ya dakika tano bila dhamana, angalia kwanza kama wana leseni ya BoT. Kama ushaingia, lipa, futa ruhusa zote kwenye mipangilio ya simu, ndo uiondoe.

Mikopo ya ZEEA, wakala wa serikali wa kuwezesha wananchi kiuchumi Zanzibar, ni ya biashara. Nafuu yake inakutia tamaa ya kuezekea nyumba kwa pesa ya mtaji, halafu rejesho linakuja na biashara haipo.

HATUA YA 10: Ukishamaliza deni, lifunge kwa karatasi

Kulipa peke yake hakutoshi. Kwenye mazishi yetu mnajua, kabla ya kwenda makaburini mtu wa familia anasimama anatangaza, kama kuna anaemdai marehemu aje aseme. Na madeni yanatolewa kwanza kwenye mali kabla warithi hawajagawana. Sasa kama ulilipa bila ushahidi, mwanao atalipa mara ya pili, na kama unadaiwa bila mtu kujua, linabaki juu yako. Kwa hiyo lile daftari la hatua ya kwanza mtu mmoja nyumbani ajue lilipo.

Kwa mtu binafsi, ujumbe wa simu unatosha: "nimepokea laki mbili ya mwisho, sikudai kitu," piga skrinshoti uihifadhi. Kwa sonara chukua bangili yako na umrudishie risiti ya rehani aichane mbele yako. Kwa benki au taasisi, omba barua ya kumaliza mkopo yenye muhuri, na kama uliweka hati ya kiwanja au kadi ya gari usiondoke pale kaunta na ahadi ya "njoo wiki ijayo", kaa mpaka upewe, au upewe kwa maandishi tarehe na jina la anaeishika.